Mweka Hazina na Diski Marehemu

Leo asubuhi mama mboga wa geti letu hapa Kahawa Sukari ameniuliza, huku akinikatia sukuma wiki, kama zile pesa za chama zimeonekana. Hazijawahi kupotea! Ziko benki, zimetulia. Kilichotokea Jumapili ni kwamba kompyuta yangu ya Linux ilikwama ikiwaka, mbele ya wanachama wote waliojaa sebuleni wakingoja nichapishe taarifa ya mwaka. Nami ndiye mweka hazina.

Mweka hazina hana ruhusa ya kusema kompyuta imekwama. Afadhali aseme nyumba imeungua.

“Mwanangu,” mwenyekiti akasema kwa upole wa kutisha, “pesa ziko ama haziko?”

“Ziko, Mama. Hesabu zake ziko humu ndani.”

“Basi zitoe.”

Kwenye skrini kulikuwa na nembo tu. Nikabonyeza Esc, maandishi meupe yakamwagika, na chini yake vinyota vyekundu vikawa vinakwenda kushoto na kulia, pamoja na sekunde zinazohesabiwa hadi dakika moja na nusu. Kijana mmoja aliyemleta mama yake akachungulia, akaona nambari zinapanda, akauliza kama huo ndio ule mchezo wa kubeti wa ndege inayopaa. Sebule nzima ikanyamaza.

Wacha niwaeleze kilichokuwa kikiendelea, maana jambo lenyewe ni tamu ukilitazama bila mashahidi. Ukiwasha kompyuta, programu iliyo kwenye ubao mama huamka kwanza, ikapima kumbukumbu na kutafuta diski. Huikabidhi kazi programu nyingine iitwayo GRUB, nayo GRUB hupakia kerneli, kile kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kerneli huja na initramfs, mfumo mdogo wa mafaili unaokaa kwenye RAM kwa muda, wenye draiva za kutosha tu kuifikia diski halisi. Diski ikipatikana, mchakato nambari 1 wa mfumo wenyewe hushika usukani. Katika Linux nyingi za leo huo ni systemd, iliyoanza mwaka 2010, na michakato mingine yote ya kawaida hutokana nao.

Systemd haina subira ya foleni. Huwasha mambo mengi kwa mpigo. Lakini kuhusu diski, huamini faili moja, /etc/fstab, ambalo huorodhesha diski za kuunganishwa, mara nyingi kwa kitambulisho chenye herufi 36 ukihesabu na vistari. Diski iliyoandikwa humo isipoonekana, husubiriwa kwa sekunde 90. Ni msimamizi wa harusi anayezuia pilau isipakuliwe mpaka afike mjomba aliye kwenye orodha, na mjomba alizikwa Jumanne.

Mjomba wangu alikuwa diski ya pili, iliyokuwa imekufa. Hesabu za chama zilikuwa salama kwenye diski ya kwanza. Ya pili ilikuwa na video za harusi za ukoo, basi.

Sekunde 90 zilipoisha, mfumo ukatangaza hali ya dharura, ukasema siwezi kuingia kuutengeneza kwa sababu akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu, imefungwa, ukanishauri nibonyeze Enter niendelee. Nikabonyeza. Ukaanza kumsubiri mjomba upya.

Linux nyingi za nyumbani hufunga akaunti ya root kwa ajili ya usalama. Wanachama waliondoka bila taarifa, ingawa si bila mandazi. Usiku nikafungua menyu ya GRUB, nikabonyeza e, nikaongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, na kerneli ikaniingiza moja kwa moja kama root. Hakuna aliyeniuliza nenosiri. Ule usalama wa mchana sijui ulikuwa umelala wapi. Nikairuhusu diski iandikike, nikaweka alama ya # mbele ya mstari wa marehemu, mashine ikawaka kama haikufanya lolote. Kumbe neno nofail kwenye mstari huo lingetosha kuzuia yote haya. Programu iliyosakinisha mfumo iliweza kuandika kitambulisho cha herufi 36, ikachoka kuongeza neno la herufi 6.

Tangu hapo betri ya ubao mama imekufa, saa imerudi nyuma miaka mingi, na kwa sababu ya tarehe hiyo kila tovuti inanikataa. Fundi wa Ruiru anasema dawa ni kuweka Windows. Fundi wa Githurai anasema dawa ni kununua kompyuta nyingine, na anayo.

Ila diski ile ya pili haikufa kwa uzee. Ilikufa usiku ambao stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Asubuhi majirani walikuwa wakihesabu friji na televisheni zilizoungua. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, inapita hapa karibu na kila mgeni huisifu, lakini sisi tunaoishi kando yake tunanunua kifaa cha kulinda friji kabla ya friji yenyewe. Ukilalamika kwa wenye stima unapewa nambari ya malalamiko. Nimejaribu kuipeleka nambari hiyo dukani. Hawauzi diski kwa nambari. Mashine yangu ilimsubiri marehemu kwa sekunde 90 kamili. Tokeni zangu zikiisha, stima hainisubiri hata moja.