Pikapu Yenye Maoni Yake

Ukitaka kujua Mutanga Sud ina mafundi wangapi, lalamika kwa sauti kwamba usukani wa gari lako unacheza. Nilidhani mtaa wetu, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, ni wa wahadhiri, wastaafu na walinzi wa mageti. Kumbe wote ni mafundi, ila hawajapata spana.

Pikapu yenyewe ni mtumba wa Japani, ya mwaka 1989, usukani kulia. Hapa Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama Rwanda na Kongo, lakini magari mengi tunayoyamudu yalitengenezwa kwa wanaoendesha kushoto. Basi dereva wa Bujumbura huketi upande wa mtaro, na abiria wake huketi katikati ya barabara, pale panapoonekana lori linalokuja. Nikitaka kulipita basi, humwuliza mke wangu: "Mama, kuna nafasi?" Akisema "Pita", napita. Akinyamaza, ama kuna lori, ama kuna jambo la nyumbani ambalo halijaisha.

Mpango huo ulitutosha mpaka usukani nao ulipoanza kutoa maoni. Nikiugeuza kushoto, upana wa kiganja kizima ulipita bure kabla magurudumu hayajapata habari. Nikikanyaga breki, gari lilihamia kulia. Nikipita shimo, na mashimo hatuna uhaba nayo, usukani ulitikisika hadi saa ikanishuka mkononi. Na mtaa wetu si wa kufanyia mzaha: pembeni kuna korongo la mto Ntahangwa, ambao kwa miaka umekuwa ukimega kingo zake pamoja na viwanja vya watu. "Ntahangwa inakuja yenyewe," mke wangu akasema. "Hakuna haja ya kuifuata." Kuanzia hapo akawa anafunga mkanda tukiwa bado uani.

Majirani wakaleta majibu. Mlinzi wa geti la pili alisema ni pampu, kwa sababu kwa shemeji yake wa Kamenge ilikuwa pampu. Mama anayeuza maandazi kwenye kona alisema ni kijicho. Yeye peke yake ndiye ambaye tiba yake haikunigharimu hata faranga. Mhadhiri mstaafu wa nyumba ya mbele alitoka na geji ya upepo, akapima matairi kimyakimya kama anayesahihisha mitihani. La mbele kulia lilikuwa limepungukiwa sana. Tairi lenye upepo mdogo huburuta, na gari huvutwa upande huo. Tukalijaza.

Kisha akanipa darasa. Barabara, alisema, hujengwa ikiinama pembeni ili maji ya mvua yateremkie mtaroni. Ukiliachia gari usukani, hata likiwa jipya, nalo litafuata maji. Kwa hiyo usilituhumu gari kabla hujalijaribu mahali tambarare. Akaniagiza pia niteremke kutoka Kiriri, nisimame, nipapase rimu. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu. Ya kulia ilinifanya nitamke neno ambalo mstaafu alijifanya hakulisikia. Breki ya kulia ilikuwa inang'ang'ania. Ikasafishwa, na gari likaacha kuhama kila nikikanyaga breki. Kile kiganja kimoja cha bure, hata hivyo, kilibaki palepale.

Ndipo nikaenda gereji. Sitaitaja, kwani wanaye mama yao anayewapenda. Fundi hakuligusa gari. Alisimama mbali, akafumba jicho moja, akasema: "Patroni, tairodi." Tukanunua tairodi. Kiganja kikabaki. "Boljointi." Tukanunua boljointi. Kiganja kikabaki. "Basi ni pampu," akasema, na nikamkumbuka yule shemeji wa Kamenge kwa uchungu. Kila spea ya zamani ilipotoka alinionyesha, akiitikisa mbele ya uso wangu. Nami nilitikisa kichwa, kwa sababu ukitikisiwa kipande cha chuma chenye grisi huna la kujibu.

Mwishowe akaigeukia skrubu ya juu ya boksi la usukani. Skrubu hiyo ipo kwa ajili ya kurekebisha meno ya ndani yanapolegea, nayo hutaka mkono mwepesi sana. Yeye aliikaza kwa moyo wote. Kiganja kikapungua kidogo, lakini usukani ukasahau kurudi. Nilipinda kona kuingia Boulevard ya 28 Novemba, gari likaona raha ya kupinda, likaendelea. Ilibidi niurudishe usukani kwa mikono miwili huku mke wangu akisoma dua kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, asije akaikosa lugha inayosikilizwa.

Aliyetuokoa ni uhaba wa mafuta. Miaka hii foleni ya kituo cha mafuta ni chuo kingine cha Bujumbura: utaingia asubuhi, na kuhitimu si lazima. Injini zinazimwa, magari yanasukumwa hatua kwa hatua. Nyuma yetu alikuwa mzee mmoja fundi wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na injini hufunguliwa kandokando ya njia. Akanitazama nikihangaika na usukani, kisha akauliza: "Patroni, nani amelala chini ya gari hili akatazama, huku mwenziwe akizungusha?"

Hakuna. Watu wote wale, spea zote zile, na hakuna.

Akatandika boksi la katoni kwenye lami, akaingia chini. "Dada, shika usukani. Kushoto kidogo, kulia kidogo, usifike mwisho." Mke wangu akazungusha. Sauti ya mzee ikawa inatoka chini: tunaanza mkononi, tunashuka na fimbo ya usukani, tunaingia kwenye boksi, tunatoka kwenye mkono wake, tunafuata tairodi mpaka gurudumu. Mahali mwendo unapoingia na hautoki, hapo ndipo pana ugonjwa. Mengine yote ni biashara.

Akaniita nichungulie. Meno ya boksi hayakuwa na neno. Boksi lenyewe ndilo lililokuwa likitembea juu ya chasisi. Nati zake zilikuwa zimelegea, na pembeni ya kutu palikuwa na mwezi mwembamba wa chuma kinachong'aa, pale lilipokuwa likijisugua kila nikikata kona. Gereji walilinyanyua gari kwa jeki, magurudumu yakaning'inia. Yakiwa hewani hayapingi kitu, kwa hiyo boksi linatulia kama mtoto mbele ya mgeni. Hapa foleni matairi yalikuwa yamekanyaga lami kwa uzito wote, likaumbuka.

Mzee akalegeza skrubu iliyokazwa kwa moyo, akaunganisha spana na kipande cha bomba, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akapapasa chasisi kuzunguka boksi akitafuta ufa, maana pikapu za umri huu hupasuka hapo. Haukuwepo. Hatukununua hata washa.

Nikauliza bei. Akafuta mikono, akatazama mbele, akasema hataki pesa. Anataka nafasi yangu kwenye foleni.

Nikampa. Alijaza tangi lake, akapunga mkono, na mhudumu akatundika mpira wa pampu: mafuta yamekwisha. Tukaanza kusukuma kuelekea Mutanga Sud, mke wangu akiwa kwenye usukani. Alipaza sauti dirishani kwamba gari sasa limenyooka ajabu, anaweza kuliendesha kwa kidole kimoja. Sisi wa nyuma hatukuwa na pumzi ya kubisha.