Askari wa Vifaru Wanne

Kifaru haoni mbali. Mara nyingi hutembea na ndege mdogo mgongoni, yule anayeitwa askari wa kifaru: ndege huona kwanza, hulia kwanza, na kifaru hukaa chonjo. Basi paliondokea kijiji chenye kifaru mmoja na askari mmoja. Kifaru alivusha watoto mtoni, alibeba nafaka, alisukuma magogo. Ndege hakubeba kitu. Kazi yake ilikuwa kukesha.

Chakula cha ndege hakikutoka kwenye hori la kifaru. Aliwekewa punje zake pembeni, ili hata siku kifaru amezimia asiinue sikio, awepo mmoja aliye macho wa kumdonoa. Mwenye haja alikwenda dirishani pa ndege.

"Hodi. Kifaru yu macho?"

"Yu macho."

"Ana homa?"

"Hana."

"Basi umwamshe alfajiri, ana mzigo."

Miaka ikaenda hivyo. Hakuna aliyeuliza kifaru yupi, maana hakukuwa na wa pili.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba cha seva ameshamtambua ndege huyu. Ni ile kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama wa seva, BMC kwa kifupi, inayokula umeme wake wa akiba hata seva ikiwa imezimwa. Hupima joto, husikiliza feni, huwasha na kuzima. Programu huria ya kuiendesha inaitwa OpenBMC, mradi ulioingia chini ya Linux Foundation mwaka 2018, na dirisha lake ni huduma ya wavuti iitwayo bmcweb. Lugha ya dirishani ni Redfish, iliyotolewa na shirika la viwango la DMTF mwaka 2015 ili kupokea kazi ya IPMI, lugha ya tangu 1998. Jambo moja kuhusu Redfish hunigusa kila nikilikumbuka: tangu siku ya kwanza, mahali pa kutajia seva pameandikwa kwa wingi. Sarufi ilisema "vifaru." Ndege ndiye aliyekariri "kifaru."

Ukaja mwaka wa ukame. Wazee wakaona ni hasara kila kifaru kuwa na zizi lake, hori lake na tundu lake la upepo. Wakajenga zizi moja, wakaingiza vifaru wanne, hori moja, upepo mmoja, ndege mmoja. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na silaumu mtu. Facebook ilifanya vivyo hivyo mwaka 2015 ilipoonyesha Yosemite, chano moja yenye seva nne zilizo chini ya BMC moja. Lakini walipohamisha vifaru, hakuna aliyepita dirishani kumwambia ndege kwamba dunia yake imebadilika.

Asubuhi moja Punda Milia akafika mbio. Kifaru wa tatu alikuwa amekwama katikati ya usingizi, hapumui vizuri, haamki.

"Hodi! Mwamshe Kifaru, upesi!"

Ndege akaruka, akamdonoa sikio kifaru wa kwanza. Kifaru wa kwanza wakati huo alikuwa katikati ya mto, na watoto sita wa swala mgongoni. Akashtuka, akajipiga chini majini. Kiboko alikuwa karibu, akawaokota mmoja mmoja. Wote walitoka hai, ila mmoja alivunjika mguu. Kule zizini, wa tatu alikuwa bado amekwama.

Jioni Mzee Kobe akaitisha baraza. Mama swala akamwelekea ndege akitetemeka. "Ulimsikia Punda Milia alivyosema?"

"Nilimsikia, mama. Alisema Kifaru. Nami nimefundishwa Kifaru mmoja."

Hakuwa anajitetea. Ndivyo alivyofundishwa.

Fisi akasema jambo ni dogo: mtu akisema Kifaru bila kufafanua, ndege amchukue wa kwanza, siku nyingi atapatia. Mama swala akamtazama tu. Tembo akataka jina lifutwe usiku uleule. Kuanzia kesho kila kifaru na namba yake, na atakayesema Kifaru asijibiwe. Hapo Korongo, mgeni wa safari ndefu, akaomba neno.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Kule nitokako kila zizi lina kifaru mmoja na ndege aliyefundwa na somo mmoja na huyu wenu. Matarishi wetu wamekariri neno hilohilo. Mkilifuta, watarudi mikono mitupu kutoka mazizi ambayo hayana kosa lolote."

Baraza likanyamaza. Mzee Kobe akamgeukia ndege, ambaye tangu jua lizame hakuna aliyemuuliza lolote zaidi ya kosa lake. "Nawe, mwanangu, wasemaje?"

Ndege akawaomba waingie ndani. Waliodhani jina limeandikwa dirishani tu walishangaa. Kwenye gome la kuhesabia homa: Kifaru. Kwenye kibuyu cha maji: Kifaru. Kwenye kamba ya kengele, kwenye daftari la usiku, kwenye tundu la kusikilizia sauti yake. Kila fundi aliyepita mle alichora neno lilelile ukutani kwa mkono wake, kwa nia njema, kwa sababu lilikuwa kweli. Kubadilisha kibao cha dirishani kungemfanya mgeni aseme "wa tatu" na ndege aitikie "wa tatu," kisha akifika ndani akutane na ukuta usemao Kifaru, ampige wa kwanza.

Ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo maana haikamiliki kwa wiki. Kwanza walikwangua kuta. Jina likaandikwa mahali pamoja tu, kwenye kibao kinachoweza kubanduliwa, na kuta zote zikawa zinakitazama kibao. Mazizi ya kifaru mmoja hayakuona tofauti. Tarishi wa Korongo alisema Kifaru, akajibiwa. Kisha kila agizo likafungiwa utepe wenye jina la mwenyewe, na utepe ule ukatakiwa usifunguliwe kutoka dirishani hadi sikioni. Palipokosekana utepe, agizo lisimame.

Wakakuta pia mambo yasiyo ya kifaru yeyote. Siku moja wa pili aliombewa alale, ndege kwa mazoea akaziba tundu la upepo, na watatu waliobaki wakaanza kuhema. Upepo ni wa zizi, hori ni la zizi. Usingizi na homa ni vya kila kifaru. Redfish nayo huweka seva kando na kasha lililozibeba. Lakini anayehudumia kifaru mmoja miaka yote huviona kitu kimoja, na hana sababu ya kuviona viwili hadi siku wanapohema.

Kabla kazi haijaisha walijenga dirisha la pili kwa ajili ya mazizi ya wengi. Lilikuwa tupu. Aliyeomba kifaru yeyote pale alijibiwa, "Hayupo." Vijana walicheka: dirisha gani hili la kukanusha vifaru wanaoonekana? Mzee Kobe akawakemea. Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye bmcweb: chaguo la majaribio la seva nyingi lilipowekwa, lilijibu kwamba kilichoombwa hakipo, kwa kuwa ndani palikuwa hapajakamilika. Mimi nawaheshimu walioandika jibu lile. Seva ya mtu inaweza kuwa imeshika hesabu za hospitali au mishahara ya mji mzima. Dirisha linalosema "hayupo" halijawahi kumwangusha mtoto mtoni.

Mvua zilikuwa zimerudi siku ndege alipofungua dirisha lile kwa vifaru halisi. Wa kwanza kufika alikuwa tarishi wa Korongo, kijana, amelowa, neno lake moja mdomoni.

"Hodi. Mwamshe Kifaru."

"Wapo wanne," ndege akamjibu, akawataja mmoja mmoja. "Yupi?"

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Katika safari zake zote hakuna aliyewahi kumuuliza. Alisimama mvuani akifikiri, kisha akageuka kurudi kwao akaulize vizuri. Mtoni, kifaru wa kwanza alikuwa katikati ya maji, na mtoto aliyepona mguu alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na sikio.