Namna ya Kubishana Kuhusu Bond Ajaye na Ukaonekana Mjuzi

Anza kwa kumchagua James Bond wako, yule utakayemtetea hadi mishipa ya shingo ikutoke. Kazi hii haina ugumu, kwani ulishaifanya ukiwa na miaka kama kumi na miwili: Bond wa kweli ni yule uliyemwona kwanza. Aliyekulia kwa Roger Moore ataapa kwamba jasusi asiyetania si jasusi. Aliyeanza na Daniel Craig anataka damu, jasho na majonzi. Wafuasi wa Pierce Brosnan watatetea kila kitu isipokuwa lile gari lisiloonekana la mwaka 2002, ambalo wao hadi leo hawajaliona. Timothy Dalton alicheza filamu mbili tu, 1987 na 1989, kisha kesi za mahakamani zikasimamisha kazi kwa miaka, na aliporudi Bond mwaka 1995 alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo mfuasi wa Dalton ana haki ya kudai kuwa dunia haikuwa tayari. George Lazenby, mwanamitindo kutoka Australia, alicheza moja, ile ya 1969. Huyo mweke akiba. Kusema Lazenby ndiye bora kuliko wote ni silaha ya kutoa pale tu kijiwe kinapoanza kusinzia.

Usikiri kamwe kwamba ni mapenzi ya utotoni. Sema umevisoma vitabu vya Ian Fleming. Si lazima uwe umevisoma. Inatosha kujua kwamba cha kwanza, Casino Royale, kilitoka mwaka 1953, na kwamba jina la shujaa lilichukuliwa kwa Mmarekani mmoja mtaalamu wa ndege wa Karibiani. Hayo mawili yatakuvusha jioni nzima. Na mtu akikuambia mwigizaji fulani hafai kwa sababu “Fleming hakumwandika hivyo,” mjibu taratibu kwamba Fleming mwenyewe alimtilia shaka Sean Connery kabla ya filamu ya kwanza ya 1962, akaja kumpenda, na katika vitabu vilivyofuata Bond akajikuta ana baba Mskoti. Mwandishi alihamia upande wa mwigizaji. Wanaomlinda mwandishi hawapendi kusikia hili.

Sasa jifunze kukosea bila aibu, na hapa walimu wapo. Mwaka 2005, Craig alipotangazwa, mashabiki walilia kwamba nywele zake ni za rangi ya shaba, sura yake ni ya mpiga ngumi, na kwamba wataisusia filamu. Wengine walifungua hadi tovuti ya kususia. Filamu ikatoka mwaka 2006, ikasifiwa. Skyfall ya 2012 ikavuka dola bilioni moja, jambo ambalo hakuna filamu ya Bond iliyokuwa imelifikia. Wale waliosusia wako wapi? Wamekaa mstari wa mbele, wanauliza ni nani duniani atakayeweza kuvaa viatu vya Craig. Hakuna anayetunza muhtasari wa kikao kilichopita, na hiyo ndiyo raha ya kikao hiki.

Ukifika kwenye majina, tumia umri. Umri unachinja pande zote. Henry Cavill alifanyiwa majaribio mwaka huohuo wa 2005 akiwa na miaka 22, wakamwona bado mtoto. Leo amepita arobaini, na wapo wanaomwita mzee. Jina la Idris Elba, aliyezaliwa 1972, lilizungushwa zaidi ya miaka kumi hadi likachoka lenyewe. Ukitaka kijana, sema Bond mpya lazima adumu kwa filamu tano. Ukitaka mtu mzima, sema Moore alianza akiwa na miaka 45 na kumaliza akiwa na 57. Usiongeze kwamba katika hiyo ya mwisho, ya 1985, kila akikimbia mtazamaji ndiye anayehema.

Lakini yote hayo ni chai ya kungojea ubwabwa. Kinachogombaniwa hasa ni kifo. Kila aliyelelewa na vibanda vya video anaijua sheria: stelingi hafi. Anapigwa, anatupwa baharini, mwisho anatoka na vumbi begani. No Time to Die, mwaka 2021, iliivunja sheria hiyo mchana kweupe. Makombora yalishuka kisiwani Bond akiwa amesimama anayatazama, na hakukuwa na tundu la kutokea. Kisha, majina yote yalipokwisha kupita, skrini ikaandika kwamba James Bond atarudi. Atarudije? Hapo ndipo penye ugomvi.

Wapo wanaosema: anza upya tu, kama ilivyofanyika mwaka 2006. Hoja hii ni nyepesi na inaeleweka, kwa hiyo usiishike. Hutapata umaarufu kwayo. Wapo wanaodai kwamba “James Bond” ni jina la cheo, analorithishwa kila anayeingia kazini. Hawa usiwakatize, waache wamalize, kisha uliza: mwaka 1981, Moore alipeleka maua kwenye kaburi la mke aliyeuawa katika filamu ya Lazenby. Je, serikali ya Uingereza humkabidhi jasusi mpya bastola, gari na ujane wa mtu mwingine? Kundi la tatu, ambalo naona lina akili kidogo, linataka arudishwe miaka ya vita baridi, enzi ambazo jasusi alilazimika kutafuta simu ya mezani. Mpinzani atasema Bond wa enzi hizo aliwatendea wanawake vibaya. Ni kweli, na hili halina mzaha mwingi, kwa hiyo litapitwa haraka.

Akitokea mtu wa kudai uhalisia, mpeleke Mbale. Casino Royale ya 2006 ina kambi ya waasi iliyoandikwa wazi kuwa iko Mbale, Uganda. Ilipigwa picha Black Park, msituni karibu na studio za Pinewood, Uingereza. Muulize mlima Wanale ulikwenda wapi.

Usisahau kuomboleza familia ya Broccoli. Tangu 1961, Albert Broccoli na Harry Saltzman walipoanzisha kampuni ya Eon, mashabiki wameilaumu nyumba hiyo kwa kila kitu. Amazon ikainunua studio ya MGM, mshirika wa Eon, mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45, na Februari 2025 Barbara Broccoli na kaka yake wa mama mmoja, Michael G. Wilson, wakaachia usukani wa ubunifu. Siku hiyo waliokuwa wakiwalaani waligundua kwamba walikuwa wazazi wao. Lia nao, kisha tabiri tamthilia ya vipindi kumi kuhusu Moneypenny, yule katibu wa ofisini, akiwa chekechea. Denis Villeneuve, aliyetangazwa kuwa mwongozaji Juni mwaka huo, mpokee kwa pumzi ndefu na useme filamu itachosha kwa urefu. Akikumbuka mtu kwamba ile ya 2021 ilikuwa na dakika 163, jifanye unaitikia simu.

Mwaka 2025 uliisha bila jina la mwigizaji, na ukimya huo ni neema kwa mbishi: kila mmoja bado yuko sahihi. Siku jina litakapotoka, usisubiri picha. Mabega hayatoshi, sauti haina uzito, mwendo ni wa mtu wa benki. Andika haya mapema na uache nafasi ya jina. Akionekana hana kasoro, uliza atavaa saa gani. Bond amekuwa mtu wa Omega tangu 1995, wazee wa Connery bado wanataka Rolex, na hapo utakuwa umepata kazi ya mwaka mwingine.