Hatua ya Pili

Subana ya mke wangu ndiyo iliyozua yote haya. Nimekwisha kuomba radhi mara nne, kwa hiyo naona sasa naweza kusimulia.

Kitabu nilikinunua Dar es Salaam, pale Posta, kwa mmoja wa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza mali yao kando ya barabara. Nilikuwa nimefuatilia mafao yangu ya kustaafu, nikaambiwa nirudi kesho, na mtu aliyeambiwa arudi kesho ana muda wa kuinama akapekua. Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu nikakuta kitabu kinene, jalada limechanika: Thirteen Steps to Mentalism, cha Tony Corinda. Mwingereza huyu aliuza vifaa vya mazingaombwe London, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutoa vijitabu kumi na vitatu, kimoja kimoja, kila kimoja hatua moja ya kumfundisha mtu namna ya kujifanya anasoma mawazo ya wenzake. Baadaye vikajalidiwa pamoja. Nasema kujifanya, maana Corinda mwenyewe hakufichi: ni ufundi tu, kama ushonaji. Mimi nimefundisha hisabati miaka 31 na sikuwahi kusoma mawazo ya mwanafunzi hata mmoja, ingawa wao yangu waliyasoma kila asubuhi ya jaribio. Nikalipa shilingi 6,000.

Nyumbani kwetu Tanga wakati huo tulikuwa sita: mimi, mama watoto na cherehani yake, binti wa kidato cha pili, mdogo wake, mama mkwe aliyetoka Pangani kuja kutibiwa macho, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alikuwa anapita tu, tangu Ramadhani.

Hatua ya kwanza ni ya kucha. Unabandika kwenye kidole gumba kifaa kidogo chenye ncha ya penseli. Unashika kadi kana kwamba utabiri wako umeshauandika, mtu anataja namba yake, nawe unaiandika palepale kwa gumba, huku unamtazama usoni na kumwuliza kama amelala vizuri. Kifaa nilikichonga mwenyewe kwa kipande cha kopo la dagaa, nikakifunga kwa plasta. Lakini Corinda aliandikia watu wa nchi ya baridi, wanaume wa koti na fulana ya vifungo, mifuko kila upande na mikono mikavu. Hapa kwetu mwezi wa pili plasta haikai hata nusu saa. Ncha ya penseli ilipotea siku ya tatu. Ilipatikana usiku kwenye mchuzi wa samaki, na aliyeipata ni mama mkwe, kwa jino.

"Mwalimu," alisema, akiitoa mdomoni kwa heshima zote, "samaki wa siku hizi wanasoma shule?"

Nikaingia kwenye utabiri usiohitaji kifaa. Mchezo huu ni wa zamani na hisabati yake ndiyo iliyonivutia. Unamwambia mtu achague namba kati ya 1 na 50, yenye tarakimu mbili, zote witiri, na zisifanane. Akisikia "kati ya 1 na 50" anadhani ana uwanja mpana. Hana. Zinazobaki ni nane tu: 13, 15, 17, 19, 31, 35, 37 na 39. Na wengi, sijui shetani gani huwasukuma, husema 37. Niliandika 37 kwenye karatasi, nikaiweka chini ya sahani ya kashata, nikamwomba mama mkwe achague.

"Kwa nini zisifanane?" akauliza. Nikasema ndiyo masharti. "Na kwa nini isizidi hamsini?" Masharti. "Basi hapo umeshachagua wewe, mimi unanitakia nini?" Akachukua kashata, karatasi ikabaki pale. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuufumbua mchezo ule kabla haujaanza, na hajapita darasa la nne.

Hatua ya tatu ni ya kumbukumbu. Unaipa kila namba picha, kisha unaning'iniza juu yake unachotaka kukumbuka. Nilitengeneza zangu za Kiswahili: moja kidole, mbili macho, tatu mafiga, nne miguu ya kitanda, na kuendelea. Nikaenda sokoni bila karatasi. Vitunguu vimevishwa kidoleni kama pete, nyanya ziko machoni, chumvi inachemka juu ya mafiga, nazi nne zimebeba kitanda. Niliporudi nilimsomea mama watoto vitu vyote kumi na viwili, mbele na nyuma, bila kukosea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kikapu nilikuwa nimekisahau kwenye daladala.

Hatua ya nane inataka watu wawili. Mmoja kafungwa macho, mwingine anapita kwa watazamaji, anashika saa au pete na kuuliza kwa maneno ya kawaida, kumbe kila neno lina maana waliyopatana. Julius na Agnes Zancig, mke na mume, waliwatoa watu wa London akili kwa mtindo huo tangu mwaka 1906, mpaka Conan Doyle, yule yule aliyemtunga Sherlock Holmes, akaamini kwamba roho zao zinazungumza. Akina Piddington wa Australia walilifikisha jambo hilo BBC mwaka 1949. Mume, Sydney, alikuwa amelianza akiwa mfungwa wa vita Changi, Singapore. Siku moja yeye akawa studio na mkewe Lesley akawa Mnara wa London, na bado mke akataja maneno yaliyochaguliwa kitabuni mbele ya mumewe. Nilipomsimulia mama watoto kisa hiki kama njia ya kumposa kazini, aliuliza swali moja tu: "Huko mnarani alipelekewa chakula?"

Binti alikubali kwa shilingi 500 kwa kila zoezi. Tulipatana: "haya" ni moja, "sasa" ni mbili, "sema" ni tatu, "upesi" ni nne. Alijifunza kwa siku mbili. Siku ya tatu akamfundisha mdogo wake, na kuanzia hapo sikupata tena ukweli wowote kuhusu nani aliyevunja nini. Ninapomhoji mmoja, mwenzake yuko uani anaimba "haya sasa haya" huku anaosha vyombo, na majibu yanafanana kama nakala.

Hatua ya pili nilikuwa nimeiruka. Hiyo haina kifaa wala namba. Inahusu kumsoma mtu kwa mwendo wa penseli yake, kwa midomo, kwa sauti, na zaidi kwa misuli. Unamshika mtu mkono, anafikiria mahali kitu kilipofichwa, nawe unatembea naye. Ukielekea siko, mkono unakuwa mzito kidogo. Ukielekea ndiko, unalegea. Mwenyewe hajui kama anakuambia. Wamarekani wawili, Randall Brown na Washington Irving Bishop, walijipatia riziki kwa jambo hili katika karne ya 19. Bishop alifia New York mwaka 1889 baada ya kuanguka kazini. Madaktari walimpasua upesi, na mama yake akashikilia kwamba mwanawe alikuwa amezimia tu, kama alivyokuwa akizimia siku zote. Mama mkwe aliposikia hayo alinihakikishia kwamba mimi nikianguka watangoja siku tatu.

Ila aliyenigusa zaidi katika habari hizi si mtu, ni farasi. Hans wa Berlin alijibu hesabu kwa kugonga kwato, na mwenye farasi, von Osten, alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alitoa kitabu kuonyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata moja. Alikuwa anatazama vichwa. Hesabu ya kwato ikifika penyewe, muulizaji huinua kichwa kidogo sana bila kujua, na farasi huacha kugonga. Pfungst aligundua hivyo kwa kumleta muulizaji asiyejua jibu. Hapo Hans aligonga tu, akagonga, bila kujua pa kukoma.

Kama ningelizingatia jambo hilo la mwisho, nyumba yangu ingekuwa na amani.

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha usiku. Wageni walikuwepo, majirani watatu na wake zao, maana nilikuwa nimewaalika makusudi. Nilitoka nje ya mlango, mama mkwe akaficha subana ya mama watoto, kisha nikaitwa ndani. Nilimwuliza mke wangu: "Umeona ilipowekwa?" Akasema ameona. Hakuwa ameona. Alikuwa jikoni anamimina chai, akasema "nimeona" ili mchezo uishe watu wanywe chai yao. Nikamshika kifundo cha mkono, nikamwambia asifikirie kitu kingine.

Tulianza sebuleni. Mkono ulikuwa kama wa mtu aliyelala, hauendi huku wala kule. Nikazunguka meza, nikapita kwenye mtungi, hakuna kitu. Watu wakaanza kukohoa. Nikageuka kuelekea chumba cha cherehani, na hapo mkono ukawa gogo. Kitabu kinasema mkono ukiwa mzito maana yake siko. Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati, nikajiuliza: kama siko, ni siko ya kawaida, ya nini kuvuta namna hii? Mkono unaokuzuia kwenda pasipo na kitu hautoki jasho. Nikasukuma pazia. Kwenye kabati mapigo ya damu niliyahisi kwa vidole vyangu vyote vinne. Rafu ya juu, akapumua. Rafu ya chini, akaacha kupumua. Nikainua khanga za zamani, nikainua mfuko wa vifungo, nikatoa mkebe wa maziwa ya unga, nikautikisa mbele ya hadhira, na kwa kuwa haukulia kama subana, nikaufungua.

Noti za elfu kumi zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa kushonea, mafungu mafungu.

Msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Jumanne ile ile shemeji alikuwa amemwomba dada yake laki mbili za kukombolea pikipiki, akaapiwa kwamba humu ndani hamna hata ya chumvi. Na mimi mwezi uliopita nilikuwa nimemkopa mwenzangu wa zamani kazini pesa za bati, baada ya kuapiwa hivyo hivyo. Kaka mtu aliutazama mkebe. Mimi niliutazama mkebe. Wale wake watatu wa majirani waliutazama mkebe kuliko sisi sote, na sikuelewa kwa nini mpaka mmoja wao aliposema kwa sauti ya chini, "Mhh. Mchezo wetu huo."

Zilikuwa pesa za upatu. Wanawake kumi na wawili wa mtaani wanachangishana kila Ijumaa, mke wangu ndiye mweka hazina, na sharti la kwanza la mchezo wao ni kwamba waume wasijue pesa zinalala wapi. Sasa walijua wanne na shemeji mmoja.

Katika kimya kile mama mkwe alifungua pindo la khanga yake taratibu. "Subana hii hapa," akasema. "Kumbe hukuwa unaitafuta."

Sitaeleza usiku huo. Chakula cha kesho yake nilikikuta mezani kimefunikwa, na mwaka huu wote sikumbuki kukaribishwa kwa upole kama ule: "Kula, mwalimu, wewe unayejua kila kilichofunikwa." Shemeji alihamia kwa rafiki yake, jambo ambalo hatua zote kumi na tatu zikiunganishwa zisingeliweza.

Balaa lenyewe lilianza Jumatatu. Baada ya Magharibi alikuja jirani wa kwanza, akakaa barazani, akasifia hali ya hewa, kisha akasema: "Mwalimu, pita nyumbani kesho unywe kahawa. Mke wangu pia angependa kukusalimia. Kwa mkono." Jumanne wakaja wawili. Jumatano akaja mtu simjui, wa mtaa wa pili, akiwa na elfu tano kwenye bahasha na ramani ya nyumba yake. Niliwaambia wote ukweli: si kipaji, si ramli, ni misuli, nikawaeleza mpaka habari za farasi. Hawakuniamini. Mmoja alisema farasi nimemtunga ili nipandishe bei. Nimeona tangu hapo kwamba mtu ukimwambia una uwezo atataka ushahidi, lakini ukimwambia huna, huo ndio anaouchukua kuwa ushahidi.

Wanawake wa mtaa walipatana bila kikao. Msibani, harusini, dukani, wananiamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mwalimu," huku mikono yote miwili imo ndani ya khanga. Hata muuza vitumbua siku hizi ananiwekea chenji juu ya beseni.

Mama watoto alininyamazia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili alichukua kitabu, akakaa nacho penye cherehani, akauliza ule mchezo wa mikono uko ukurasa gani. Nilimwonyesha. Akachukua mkasi wake wa vitambaa na kukata kuanzia hapo mpaka inapoanza kumbukumbu, mkato mmoja ulionyooka kuliko rula yangu, na karatasi zile akazikatia kielelezo cha kola ya sare za shule.

Pesa za upatu zimehamishwa. Kitabu ninacho bado. Kina hatua kumi na mbili.