Namna ya Kumtungia Mtoto Utenzi Bila Kumpokonya Jina

Umeamua kuwatungia watoto riwaya ya kishairi kuhusu mtoto aliyechukuliwa kwao akalelewa ng'ambo. Vizuri. Shika kifutio kwanza, umfute mwokozi. Unamjua: ukurasa wa kwanza anashuka kwenye gari jeupe, wa pili mtoto anatabasamu, wa tatu ndege inapaa. Futa gari, futa tabasamu, ndege iache uwanjani mpaka mtoto aseme kama anataka kupanda.

Hadithi ya aina hiyo imekwisha kuandikwa, na chanzo chake kilipita Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora alimpa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mtoto mtumwa, wa kiume, kama zawadi. Mtoto aliitwa Ndugu M'hali. Jina hilo halikumpendeza Stanley, likabadilishwa, akawa Kalulu. Mwaka huohuo akafika Ujiji katika msafara uliomkuta mmisionari David Livingstone. Kisha Zanzibar, Ulaya, Marekani, na shule huko London. Mwaka 1873 Stanley akatoa kitabu cha vijana, My Kalulu, Prince, King and Slave. Mle kitabuni mtoto mtumwa akageuzwa mwana wa mfalme. Mwaka 1874 Kalulu mwenyewe alikuwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, Livingstone akizikwa.

Usiishie hapo, ingawa hapo panavutia kwa suti na picha. Sogea hadi 1876. Stanley alikuwa amerudi Afrika na Kalulu, wakapita Ujiji tena, na msafara ulipovuka Ziwa Tanganyika Kalulu akatoroka. Akasakwa, akakamatwa, akarudishwa. Machi 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayapa maporomoko yale jina lile la kubandikwa.

Sasa kaa kitako. Hapo kwenye kutoroka ndipo utenzi wako unapoanzia. Mtoto aliyekwisha kuiona London na New York, aliyefundishwa Kiingereza na kuvalishwa vizuri, alifika kwenye ziwa hili akaamua kukimbia. Alitaka kwenda wapi? Kwa nani? Hayo yape beti arobaini, hamsini, hata zaidi. Safari ya Marekani inatoshwa na sita.

Umbo usilihangaikie. Wengine huko duniani wanaiona riwaya ya kishairi kuwa mtindo mpya. Sisi tumesimulia vita, ndoa na safari kwa tenzi kwa karne nyingi. Vipande vinne katika ubeti, mizani nane kila kipande, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na kina cha nne kinarudi kila ubeti hadi mwisho. Hicho cha mwisho kichague kwa akili, kwa sababu utaishi nacho miezi. Chukua -ia, kitakubeba: kimbilia, rudia, lilia. Ukichagua -ng'o utakwama mtumbwi haujatoka ufukweni. Hivi ndivyo mtoto anavyoweza kuanza mwenyewe:

Kwetu nilipewa jina,
wazazi walilinena,
mgeni akalikana,
jipya akanipatia.

Hesabu mizani kwa vidole, usione haya. Kipande chenye mizani tisa mtoto wa darasa la nne anakijua kwa sikio kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Mama naye apewe zamu ya kusema. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, kwa hiyo sauti ya mama akimwambia mtoto ina kiti chake katika fasihi hii tangu zamani. Katika hadithi hizi za kuvushwa bahari, mama huuawa na homa haraka mno, kwa sababu mwandishi anaogopa kumhoji. Mwache hai. Awe anaanika dagaa ufukweni, au anakamua mawese, na awe na maoni.

Ukitaka kuleta kisa hadi siku zetu, kaisome Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Tanzania lazima awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, amlee mtoto huyo angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na athibitishe kuwa nchi yake itaitambua amri ya mahakama. Majirani nao walifunga milango au kuibana: Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa Septemba 2013, Kenya ikasitisha uasili wa kimataifa 2014, Uganda ikakaza sheria yake 2016. Vifungu usivitie vina. Mchukue yule afisa ustawi, mvalishe viatu vyenye vumbi, mpe faili na mashaka, aje nyumbani kwa mlezi na kumwuliza mtoto swali ambalo hakuna aliyemwuliza Kalulu. Mlezi mgeni naye asiwe shetani. Wapo wanaopenda kwa dhati, na mtoto anayesoma, ambaye huenda naye analelewa na mtu asiyemzaa, ana haki ya kumwona mmoja wao akipika vibaya ugali na kujaribu tena.

Ukimaliza, kitabu kisiende kwa mchapaji bado. Kipeleke Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma inapogawanyika, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza. Watoto wa hapo wanaona watu wakiondoka kila siku, na hawadanganyiki kuhusu safari. Wasomee kwa sauti, moja kwa moja, bila maelezo. Wakianza kuchezacheza na mchanga, kata beti. Mmoja akiuliza, "Mama yake aliambiwa?" wala usimjibu kwa mdomo. Rudi mezani, tafuta mahali mama alipotakiwa kuambiwa, andika upya kuanzia hapo, kisha panda daladala uwasomee tena.