Kilo Moja na Nusu ya Mchele wa Kyela

Baba mdogo alistaafu ualimu akaanza kulenga shabaha. Wastaafu wenzake wa Isyesye walifuga nguruwe na kupanda parachichi. Yeye akatafuta bunduki ya upepo, karatasi zake za polisi akazitia bahasha moja na hati ya kiwanja, na nyuma ya nyumba akainua tuta la udongo la kumezea risasi. Umbali, mita 10. Kwenye mashindano, alama ya kumi kwa umbali huo ni kitone cha nusu milimita. Baba mdogo alikuwa bado anahangaika na kizibo cha Fanta.

Kwa maelezo yake, tatizo halikuwa jicho. Lilikuwa kifyatulio. "Mwanangu, hii triga ni kama kumvuta ng'ombe wa Usangu kwenye tope." Nzito ilikuwa nzito kweli. Asubuhi za Julai, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Mbeya, alivuta mpaka bega likasogea, na bega likisogea, kizibo kimepona.

Akaanza kuchagua nyingine. Zipo za hatua moja: ukikaza kidole tu, imeondoka. Zipo za hatua mbili: kidole kinatembea kwanza bila kazi, kinafika mahali kinagoma, unatuliza pumzi, unaongeza kidogo. Akapenda hizi za pili. Sikushangaa, maana mama mdogo alichumbiwa miaka mitano.

Fundi baiskeli mmoja wa Mwanjelwa alijitolea kuipiga tupa ile ya zamani, bei ya chai. Baba mdogo alikataa, na hapo nilimpa heshima yake. Kile chuma kinachozuia springi kikisuguliwa kupita kiasi, mtu akibamiza mlango bunduki inaweza kujifyatua. Na nyumba ile milango haifungwi, inabamizwa.

Mpya ikaja kwa basi kutoka Dar, imeviringishwa ndani ya soksi. Ikabaki kuipima. Alikuwa amesikia kwamba shirikisho la kimataifa la shabaha, ISSF, linataka triga ya bunduki sanifu ya mita 300 isipungue gramu 1,500. Nikamwambia kwa heshima kwamba yake ni ya upepo, ya mita 10, na kwa hiyo uzito wa triga ni hiari ya mtu. "Mambo ya hiari ndiyo yaliyoharibu nchi hii," akanijibu.

Kupima ni rahisi: bunduki tupu inasimamishwa mtutu juu, triga inaning'inizwa uzito, mnatazama kama itashika. Mawe ya mizani hatukuwa nayo. Jikoni palikuwa na mchele wa Kyela, kilo moja na nusu, umetoka dukani saa hiyo hiyo.

Tukautundika. Ukaning'inia. Triga ikashika. Baba mdogo akapiga saluti.

Mama mdogo, maji yamechemka na mchele hauonekani, akatoka jikoni na mlango akaufunga kwa desturi ya nyumba. Bunduki ikalia pwaa! Mfuko ukachomoka, ukapasukia kwenye sakafu, na kuku, ambao hawakuwa wamealikwa, wakafika wote.

"Triga ni nzima," Baba mdogo akasema, amepiga magoti akiokota. "Mwenye duka ndiye aliyezidisha mchele."

Mama mdogo akasimamisha ufagio. "Mwenye duka azidishe? Mbeya hii?"