Stika Haibebi Saruji

Huko kwao Japani kirikuu huishi kwa heshima. Sheria inataka injini yake isizidi ukubwa wa sisi 660 na mzigo wake usizidi kilo 350. Mtu mmoja huhesabiwa kuwa na kilo 55, kwa hiyo dereva na mwenzake wakikaa mbele ni kilo 110 tu. Kila baada ya miaka miwili hupelekwa kwenye ukaguzi uitwao shaken, ambako magurudumu huwekwa juu ya rola, breki zikapimwa nguvu, taa zikapimwa mwelekeo na moshi ukapimwa uchafu. Kikitoka hapo hurudi shambani kubeba kabichi.

Kisha hupandishwa meli, kikaja Dar es Salaam, kikakutana na sisi.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, peke yake anakaribia uzito wa hao Wajapani wawili wa kwenye makaratasi. Alipoamua kununua kirikuu cha kubebea mizigo ya duka la vifaa vya ujenzi, aliniomba niwe mkaguzi upande wa familia. Sijui lolote kuhusu magari. Ila katika ukoo mimi ndiye ninayevaa miwani, na kila jambo lenye maandishi huletwa kwangu.

Dalali alitupokea kwa furaha. "Namba D hii, bosi. Haijaguswa nati hata moja. Aliyekuwa nayo ni mwalimu." Magari yote yanayouzwa jijini yaliwahi kuwa ya mwalimu. Sijui walimu wanapata wapi fedha za kununua magari yote hayo, na baada ya kuyauza wanaendaje kazini.

Shemeji hakutaka maneno. Stika ya usalama ilikuwa inakaribia kwisha, akatoa sharti moja: "Kikipita ukaguzi, nalipa. Kisipopita, kila mtu ashike njia yake." Nikaliona sharti la busara, kama alivyoliona dalali, ambaye aliomba apewe hadi kesho yake tu.

Kesho yake kirikuu kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa na pembetatu mbili za kuakisi, saiti mira zote, honi inayoita hadi mtaa wa pili, na mtungi wa kuzimia moto unaong'aa. Mtungi huo nilikuja kuujua vizuri baadaye. Ni wa jirani mmoja wa dalali, na umekaguliwa mara nyingi kuliko gari lolote pale mtaani.

Mkaguzi hakuwa mtu wa mchezo. Alizunguka, akainama, akapiga teke tairi, akaamuru taa ziwashwe na kuzimwa, akataka indiketa ya kulia, ya kushoto, hendibreki, waipa. Kila alichoagiza, kirikuu kilitii. Akakipanda mwenyewe, akakiendesha uwanjani, akakanyaga breki. Kikasimama palepale, bila kuyumba. Stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele, shemeji akalipa. Kabla hatujafika nyumbani honi ilikuwa imekwisha nyamaza, na jioni mwenye mtungi akaja kuuchukua. Aliuulizia kwa upole wa mtu aliyezoea.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa ya Goba. Asiyeijua Goba afahamu kwamba huko Mungu aliumba milima kwanza, na watu wakaamua kujenga juu yake baadaye. Duka lilipakia mifuko ishirini ya saruji. Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo hiyo ni tani moja, na kwa hesabu ya Wajapani mwisho ulikuwa mifuko saba. Lakini fundi mmoja alishaongeza springi nyuma, basi kirikuu hakikuinama hata kidogo. Kilisimama kifua mbele, na kila aliyekitazama akasema mzigo bado haujatosha. Shemeji akashika usukani, mimi nikakaa pembeni yake, utingo akapanda juu ya mifuko.

Kupanda kulikwenda vizuri, kwa kelele nyingi na mwendo mdogo. Ni kwenye mteremko ndipo shemeji alipoanza kuzungumza na pedali. Mwanzoni alizungumza nayo taratibu. Alikanyaga, ikaenda chini kidogo. Akakanyaga tena, ikaenda chini zaidi. Mara ya mwisho ilizama hadi kwenye zulia, ikabaki huko.

Utingo alipiga paa la kichwa kwa kiganja. "Bosi, breki!"

"Ipo!" shemeji akajibu. "Stika si unaiona?"

Niliitazama ile stika kwa nyuma, kutoka ndani ya gari. Upande huo haina maandishi. Ndiyo upande unaomtazama dereva.

Shemeji, nimpe haki yake, hakupoteza akili. Alirudisha gia, injini ikapiga ukelele, akavuta hendibreki, akakata kona na kukiingiza kirikuu kwenye lundo la mchanga nje ya nyumba inayojengwa. Tukasimama, mchanga umefika usawa wa taa. Vumbi lilipotulia, mafundi wa ile nyumba walikuwa wamekwisha fungua bodi la nyuma. Walikuwa wakisubiri saruji tangu asubuhi, kutoka duka jingine, na hawakuona sababu ya kutuuliza kwa nini tumechelewa. Mifuko minne ilishuka kabla utingo hajapata sauti ya kuwaeleza kwamba hii ilikuwa ajali.

Fundi wa gereji aliyekuja kututoa ndiye aliyetupa elimu, bila malipo ya ziada. Kwanza alichovya kidole kwenye mafuta ya breki, akatuonyesha: meusi. Mafuta haya, alisema, yananyonya maji kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Baadaye nilisoma nikaona fundi hakukosea: ya daraja la kawaida, DOT 3, yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Ukibana breki mteremko mzima ukiwa na tani moja nyuma, joto linapanda, mafuta yanachemka, mapovu yanajaa kwenye bomba, na pedali inabana mvuke. Uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, hakuna kinachochemka.

Kisha akatuinamisha kwenye tairi. Kashata zake zilikuwa nzuri, ndiyo maana teke la mkaguzi halikuwa na neno. Pembeni kulikuwa na tarakimu nne: 2312. Maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012. Lilikuwa limelala stoo miaka, mpira umekauka na kupasukapasuka, na kuamshwa kwake kulikuwa ni kuja kutubeba sisi.

Nikauliza, mkaguzi alikosea wapi basi? Fundi akacheka. "Hakukosea, bosi. Kirikuu kitupu ni kama kilo 700. Breki alizozipima yeye zinaweza kusimamisha kilo 700. Mlichoteremka nacho leo ni zaidi ya mara mbili ya hizo."

Maneno hayo yalinituliza, kwani nilikuwa tayari kumlaumu mtu. Ukaguzi ulisema kweli kuhusu gari ambalo hakuna atakayelitumia: tupu, kwenye tambarare, likiwa na mtungi wa jirani. Waingereza walioanza ukaguzi wao wa MOT mwaka 1960, kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, husema wazi kwamba cheti hueleza hali ya gari siku lilipopimwa, si dhamana ya mwaka mzima. Gari la abiria linaweza kuvumilia tofauti hiyo, maana mwenye gari dogo hutembea karibu na uzito uleule uliokaguliwa. Gari la mizigo lina mwili mwingine kazini, na mwili huo haujawahi kuonwa na mkaguzi.

Sasa mjomba wa mke wangu naye anataka kirikuu, na miwani yangu imeitwa tena. Nimempa sharti langu: tutakwenda kukiona tukiwa na mifuko saba ya saruji, mafuta mapya ya breki, na fundi wetu, kisha tutakipeleka Goba, kupanda na kushuka. Dalali akikataa, mjomba ameokoa fedha zake. Akikubali, basi hata kisiponunuliwa hatutakuwa tumepoteza mafuta bure, maana kule kuna mteja ambaye bado anatudai mifuko minne.